Sura ya Tisa: Mlango Usio na Fu

Maiti iliyoopolewa bwawani haikuwa ya Mzee Duan. Daktari wa wilaya hakuhitaji hata kuvaa miwani kuliona hilo: maiti ilikuwa na meno mawili ya dhahabu, ilhali Mzee Duan Xishan, kwa maelezo ya mkewe mwenyewe, alikuwa amebakiza ufizi wa kutafunia maneno tu. Kwa hiyo asubuhi ileile Inspekta Qu Tingye na Sajini Pei Rong waliwasha gari wakapanda mlimani, kijijini Shiliyan, kuiambia familia kwamba mtu wao bado hajulikani alipo.

"Hii ni habari njema au mbaya?" aliuliza Pei, macho barabarani.

"Ni habari."

"Tangu majira ya kabichi tunawapelekea habari, Afande. Siku moja itabidi tuwapelekee mzee."

Qu alikuwa anahangaika na mkanda wa kiti, uliokuwa umeanza kumbana tumboni, na Pei akamwambia kwamba sikukuu zimempa fu. Ndivyo wasemavyo watu wa kule. Mtu akinenepa hawamtukani kuwa amenenepa, humwambia amepata fu, yaani neema imemkalia. Aliyezaa wajukuu wengi ana fu, aliyealikwa karamuni bila kutarajia ana fu ya mdomo, na mzee aliyeweka jembe chini akalishwa na wanawe, huyo anakula fu yake. Neno moja linabeba mizigo ya wote, na halichoki.

Mwaka Mpya ulikuwa umepita juzijuzi. Mabaki mekundu ya fataki yalikuwa bado yametapakaa njiani, yameganda kwenye theluji, na kila lango walilolipita lilikuwa na karatasi nyekundu ya pembe nne iliyoandikwa kwa wino mweusi neno hilohilo: 福. Masikini na mwenye nacho, wote walikuwa wamebandika.

Nyumba ya kina Duan ilikuwa na vyumba pande tatu za ua. Katikati alikaa Mama Kou, mke wa mzee. Kulia kilikuwa chumba cha mzee mwenyewe, kwa sababu tangu akili ianze kumtoroka alikuwa akiamka usiku na kumfukuza mkewe akidhani ni mwizi. Kushoto alikaa Maogen, mtoto wao wa pekee, mwanamume wa miaka arobaini na kitu ambaye hakuoa na watu walikuwa wameshaacha kumuuliza. Walipoingia, Maogen alikuwa akipasua kuni. Mama Kou alitoka jikoni na unga mikononi, na alipoona sare zao alisimama palepale, mikono ameiinua kama mtu aliyeamriwa asitikisike.

"Si yeye, Mama," alisema Qu upesi. "Yule wa bwawani si yeye."

Bibi yule alishusha mikono. Akasema alijua tangu mwanzo, mumewe hawezi kufia majini, kwani alikuwa anaogopa hata kuoga. Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko, akawaletea maji ya moto na mikate ya mvuke na sahani ya mbegu za alizeti, na hapo hapakuwa na ruhusa ya kukataa.

Qu alikuwa anamtazama Maogen. Katika kazi yake alikuwa amewapelekea watu wengi habari za namna hii, na wote, hata wale wasiowapenda jamaa zao, huuliza kitu. Basi yule maiti ni nani? Mtatafuta wapi sasa? Maogen hakuuliza. Shoka lilikuwa limesimama hewani Qu alipoanza kusema, likashuka alipomaliza, na gogo likapasuka vipande viwili sawasawa.

Mama Kou alianza kusimulia tena siku ile. Pei aliijua hadithi hiyo kwa moyo, na kijiji kizima kiliijua vilevile, maana bibi hakuwa na nyingine. Alikuwa ameteremka bondeni kwa dada yake, kwenye karamu ya mjukuu aliyetimiza mwezi. Maogen alikuwa ameshakwenda shambani juu kuhifadhi kabichi. Jioni Maogen alitangulia kurudi, akakuta lango wazi na mzee hayupo.

"Lakini nilimwacha vizuri," alisema, na sauti yake ikapata fahari kidogo. "Madirisha nilikuwa nimeyabandika karatasi mpya, hata pumzi ya upepo haikupita. Nikamwashia jiko la mkaa, nikamsogezea miguuni. Nikamwambia, baba, kaa hapo ule fu yako, umelima vya kutosha. Akacheka. Siku ile alinijua kabisa."

Qu aligeuka kutazama dirisha la chumba cha mzee. Karatasi zake zilikuwa bado nyeupe, ila katikati palibandikwa fu kubwa kuliko zote za uani. Aliuliza kwa nini hapo. Bibi alisema palikuwa na tundu, ukubwa wa ngumi ya mtu. Paka wa jirani aliirarua ile karatasi siku ileile aliyopotea mzee, Maogen alimwona paka huyo, na yeye bibi ameona badala ya kuweka kiraka afunike kwa fu. Tundu libaki tundu, baraka ipite hapohapo.

Kulikuwa na fu kwenye lango, kwenye mlango wa bibi na kwenye mlango wa mzee. Kwenye mtungi wa maji ilikuwa imebandikwa kichwa chini, kama ilivyo desturi, ishara kwamba neema imeshafika. Banda la kuku lilikuwa na yake, na hata pipa la taka. Jicho la Qu lilizunguka ua mzima, likafika kushoto, likakwama. Mlango wa Maogen ulikuwa mtupu. Haukusahauliwa tu; ile karatasi ya mwaka uliopita ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu mpaka ubao ukaonekana.

"Wewe Maogen, mlango wako vipi?" aliuliza Qu, akimenya mbegu ya alizeti.

"Gundi iliganda."

"Gundi haikuganda, aliyeganda ni yeye," alidakia mama yake. "Tangu mkesha wa Mwaka Mpya nagombana naye. Namwambia, baba yako akirudi akute mlango uko uchi? Hanijibu. Anapasua kuni. Tuna kuni za kuwapikia wanajeshi."

Maogen aliokota gogo jingine.

Mwandishi wa fu zote za Shiliyan alikuwa Mwalimu Miao Jingzhai, mstaafu, aliyekaa kwenye jengo la shule iliyokwisha kufungwa kwa kukosa watoto. Kila mwisho wa mwaka watu walimpelekea karatasi nyekundu, naye akawaandikia bure, akilipwa kwa mayai na maneno. Qu hakumwambia anachotafuta. Alimwomba tu amweleze yeye, mtu wa mjini, habari za neno lile.

Mwalimu alifurahi kupata mwanafunzi. Alichovya brashi katika maji akaandika juu ya meza, herufi ikatokea nyeusi juu ya ubao na kuanza kukauka. Upande wa kushoto, alisema, ni madhabahu. Upande wa kulia, ukitoka juu, kuna moja, chini yake mdomo, chini yake shamba. Wazee wa pale walisoma hivyo: mdomo mmoja wenye shamba la kuulisha, na mizimu iko kando inatazama, imeridhika. Wasomi wanasema kulia pale zamani kulichorwa gudulia la pombe limeinuliwa mbele ya madhabahu. Mwalimu hakuwa na ugomvi nao. Kwake vyote vilikuwa kitu kimoja: aliye hai anakula, aliyekufa anapewa sehemu yake, na hapo nyumba inakuwa nyumba.

"Na nyumba iliyofiwa?" aliuliza Qu. "Inabandika?"

"Nyekundu? Haibandiki. Mzazi akifa, mwaka wa kwanza mlango hukaa mtupu, au nawaandikia kwa karatasi ya njano. Wekundu unarudi miaka mitatu ikiisha. Mtoto anayebandika nyekundu wakati udongo wa baba yake haujashikana, Inspekta, hapa hata mbwa hamsalimii."

"Na nyumba iliyopotelewa na mtu?"

Mwalimu alimtazama vizuri sasa, akajua kwamba darasa limekwisha. Alisema nyumba hiyo ndiyo inabandika kuliko zote. Ukiacha mlango mtupu wakati mtu wako hajulikani alipo, umemzika kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana safari hii Mama Kou alimwomba aandike kubwakubwa.

"Uliwaandikia na ya mlango wa Maogen?"

Mwalimu aliinuka, akafungua kabati, akatoa karatasi nyekundu iliyokunjwa mara moja tu. Maogen alizichukua zote, alisema, na kesho yake akarudi na hii moja. Aliirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mkubwa wake kitu. Mwalimu akamuuliza kama amesahau kuwa naye ana mlango.

"Akaniambia, hii haina pa kukaa. Nikadhani amekata tamaa. Nikaitunza, nikasema baba yake akirudi atakuja kuifuata mwenyewe." Alisita. "Nilipaswa kuwaambia?"

Qu alimwambia hakuna kosa, na kweli hakuona kosa. Aliomba aichukue ile karatasi. Mwalimu alimpa kwa mikono miwili.

Kwenye gari Pei alimpinga, na ndiyo kazi aliyopendewa. Mlango mtupu si ushahidi. Labda Maogen ni mvivu. Qu akasema mvivu hakwangui mbao kwa kisu. Labda amekata tamaa basi, kama alivyodhani mwalimu. Qu akasema aliyekata tamaa hunyamaza, hubandika karatasi ili mama yake alale. Huyu amevumilia ugomvi wa sikukuu nzima kwa ajili ya mraba mmoja wa karatasi. Huyu ana matanga. Amezuiwa kulia, amezuiwa kuvaa kitambaa cheupe cha msiba, amezuiwa kuchoma ubani, na sehemu moja tu iliyobaki ya kumheshimu baba yake ni ubao wa mlango wake.

"Basi amemuua," alisema Pei.

"Anayemuua baba yake anahangaika na adabu za mlango?"

"Nimeona makubwa zaidi."

Qu akamuuliza, wakati ule wa msako, kijiji kizima kilipotoka na tochi, walitafuta wapi? Pei akataja: mtoni, kwenye makorongo, barabarani, bwawani. Kote chini.

"Aliyetuongoza ni nani?"

Pei aliachia pumzi taratibu. Aliyewaongoza alikuwa Maogen. Na kule juu, kwenye mashamba ya ngazi, hakuna aliyekwenda, kwa sababu Maogen alikuwa ametoka hukohuko na alisema hakumwona. Wakati ule kila familia ilikuwa inachimba mashimo ya kuhifadhia kabichi kwa ajili ya baridi. Mlima mzima ulikuwa na udongo mbichi. Ungeweza kuficha jeshi pale na mtu akakusalimia tu.

Mpango wa Qu ulikuwa mwepesi. Alirudi uani, akafika mpaka penye kuni, akamnyooshea Maogen ile karatasi.

"Mwalimu anasema umesahau mali yako. Gundi ya leo haitaganda. Bandika."

Maogen alitazama wekundu ule. Shoka lilikuwa mkononi, na Pei alisogea hatua, mkono kiunoni, lakini hapakuwa na haja. Maogen aliliweka shoka chini polepole. Mikono yake ilitoka mbele ili ipokee, ikafika nusu ya njia, ikarudi. Alijaribu tena. Hapo Qu alijua, na alipojua hakufurahi hata kidogo.

"Nipe mimi," alisema Mama Kou, akaipokonya kutoka mkononi mwa Qu kwa furaha. "Huyu ukimngoja, kuku watabandika. Nina unga, napika gundi sasa hivi."

Maogen alichukua koti lake kwenye msumari. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Afande, twende juu. Nikakuonyeshe kabichi."

"Na uje nazo," alisema mama yake akielekea jikoni. "Tunakula za shimo la chini mpaka zinaisha, za juu hataki kuzigusa. Sijui anamwekea nani."

Qu alimwashiria Pei abaki na bibi.

Walipanda mpaka juu. Shamba la juu kabisa la kina Duan lilikuwa ukanda mwembamba, upana wa mikeka miwili mitatu, umeshikiliwa na ukuta wa mawe ambao mzee aliupanga kwa mikono yake alipokuwa na akili na nguvu. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu isipokuwa mahali pamoja, ambapo mtu alikuwa amefagia. Mabua ya mahindi yalikuwa yamelazwa kwa mpangilio juu ya udongo ulioinuka, na mbele yake palikuwa na kikombe kidogo, kimegeuzwa kifudifudi. Maogen alikigeuza, akakifuta kwa ncha ya koti, akakiweka wima. Halafu akapiga magoti.

Qu alimwacha. Alipoona muda umetosha, aliuliza.

"Alikufaje?"

"Alilala."

"Maogen."

"Nilishuka mchana kumpa uji. Nilimkuta amekaa, kichwa kimeegemea ukuta, mashavu mekundu. Alionekana mzima kuliko siku zote. Nikasema, baba, amka ule." Aliokota bua lililokuwa limekaa vibaya, akalinyoosha. "Mimi mwenyewe kichwa kilianza kunizunguka. Nikapiga dirisha ngumi."

Jiko la mkaa. Chumba kidogo, karatasi mpya, hata pumzi ya upepo haipiti. Qu alivua kofia bila kujua kwa nini. Alikuwa ameisikia hadithi ile mara nyingi, ameketi, amekula mikate ya bibi, akitikisa kichwa kwa adabu, na jibu lilikuwa limekaa wazi mbele yake kila mara.

"Jiko aliwasha nani?" aliuliza, kwa sababu ni lazima liulizwe.

"Unajua."

"Nataka useme wewe."

"Mimi. Andika ni mimi."

"Mama yako ameshamwambia kila mtu."

"Mama ni mzee, anachanganya. Baba alichanganya, na yeye anachanganya. Andika ni mimi niliwasha, nikafunga mlango, nikaenda zangu. Nitaweka dole gumba popote unapotaka."

"Dereva wa trekta aliyempeleka bondeni alimsikia akisema. Dada yake alimsikia. Wote walioalikwa kwenye ile karamu waliambiwa amemwachaje mumewe." Qu alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. "Hata mimi amenisimulia leo. Nikiandika uongo, siku daktari atakaposema mzee alikufa kwa hewa ya mkaa, kijiji kizima kitamtazama yeye. Na yeye atajitazama."

Maogen alikaa juu ya visigino. Aliuliza kama daktari ni lazima aseme.

"Ni lazima."

"Na ni lazima afukuliwe?"

"Ni lazima."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei asiyoiweza. Akasema hakutaka kumficha mtu. Alitaka kupata nafasi ya kufikiri tu. Alimbeba baba yake mgongoni kwa njia ya nyuma, wakati watu wamekwenda kula, na alikuwa mwepesi sana, mwepesi hata ikamtia hasira. Alimfunika blanketi lake la harusi, akamlaza kichwa kikielekea mlima. Alipomaliza ilikuwa jioni, mama akawa anapanda njia huku ameshika mfuko wa mayai mekundu ya karamu, akiita kwa mbali, baba Maogen, nimekuletea mayai. Ndipo maneno ya lango kuwa wazi yalipomtoka mdomoni. Hakuyapanga. Yalitoka, na yakishatoka hayarudi.

"Umempa kungoja," alisema Qu. "Hiyo nayo si adhabu?"

"Kungoja kuna chakula ndani yake, Afande. Anampikia. Anafua nguo zake. Kuna siku anaimba. Akijua, atakaa kwenye kile chumba na ataziba dirisha mwenyewe."

Qu alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba yule mwanamume hatii chumvi. Alifikiria, kwa muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu, kuhusu kuvaa kofia na kushuka. Maiti isiyopatikana bado ni jalada lililo wazi, na majalada yaliyo wazi ofisini yalikuwa mengi. Lakini Pei alijua, mwalimu alikuwa ameshajua nusu, na nusu ya jambo kijijini haikai siku mbili kabla ya kutimia. Lisemwalo lipo. Kama si yeye leo, angekuwa jirani kesho, tena kwa kicheko au kwa laana.

Alitoa simu. Alipiga wilayani kwanza, akaomba daktari, watu wa kuchimba na gari la kubebea, akataja mahali. Alisikia sauti yake ikifanya kazi vizuri, bila kukosea. Kisha akampigia Pei, akamweleza kwa maneno machache. Nyuma ya Pei ilisikika sauti ya Mama Kou ikiuliza kama stuli ile ni imara.

"Tafuta namna umkalishe," alisema Qu. "Usimwambie mpaka nifike."

"Afande, hakalishiki," alinong'ona Pei. "Mkono mmoja ameshika bakuli."

Maogen alimwaga maji kidogo kwenye kikombe kutoka chupa aliyokuwa nayo kotini, akainama mara tatu, paji la uso likagusa theluji. Kwa sheria Qu alipaswa kumfunga pingu. Zilikuwa kiunoni, baridi, na alizigusa. Aliziacha palepale.

"Utamwambia wewe au mimi?" aliuliza wakishuka.

"Ningekuwa naweza mimi, ungekuja huku leo?"

Maogen alitangulia njiani.

Waliposukuma lango, kitu cha kwanza walichokiona kilikuwa wekundu. Mama Kou alikuwa amesimama juu ya stuli mbele ya mlango wa mwanawe, bakuli la gundi mkono wa kushoto linatoa mvuke, na kwa kiganja cha kulia alikuwa akiisawazisha ile fu juu ya ubao, kutoka katikati kwenda pembeni, kama mtu anayempapasa mtoto mgongo alale. Pei alikuwa ameshika miguu ya stuli. Uso wake haukuwa na rangi, na alimtazama Qu kwa macho ya mtu aliyeshindwa kazi rahisi kuliko zote.

"Mmerudi bila kabichi," alisema bibi bila kugeuka. "Si kitu. Nimemaliza. Sasa kila mlango una wake, akirudi hataona pengo." Alirudisha kichwa nyuma apate kuona vizuri, akakunja macho. "Afande, mwanangu, mimi macho yameisha. Hebu nitazamie. Imekaa sawa?"

Qu alikuwa amesimama kwenye milango mingi ya watu na habari za misiba. Maneno yake aliyajua, kuna namna ya kuyasema, mtu hufundishwa. Kutoka bondeni ilianza kusikika injini ya gari linalopanda kwa gia nzito.

Maogen alikuwa kando yake, magoti yamejaa udongo na theluji. Hakuunyanyua mkono kuigusa karatasi. Alikuwa anaisoma tu.

"Imekaa sawa, Mama," alisema Qu.

Bibi alicheka kwa kuridhika. Alishuka kwenye stuli, mguu mmoja, kisha mwingine, Pei akimshika kiwiko. Ndipo naye akasikia ile injini, akageukia lango, akaona udongo kwenye magoti ya mwanawe, akaona kofia mkononi mwa Qu badala ya kichwani.

"Hilo gari linalopanda," aliuliza, "ni la nani?"

Maogen alisogea akampokea bakuli la gundi, ili lisije likamdondoka.